Likizo ya Juni: shule za msingi za Jiji la Mbeya zifunguliwe kwa watoto wote?

Mdau wa Soweto
Wakuu, likizo ndo hiyo. Kuna kituo huku Forest kinafundisha watoto kompyuta na Kiingereza, wiki moja elfu ishirini. Shule zetu za serikali zenye viwanja vikubwa zimepigwa kufuli. Jiji lizifungue bure mchana watoto wacheze na kusoma, au ni kazi ya mzazi?

Baba Isyesye
Kazi ya mzazi. Hii elimu bila malipo ya toka 2015 imewadekeza watu. Pita soko la Mwanjelwa saa nne asubuhi, vitoto vimebeba mabeseni ya parachichi, mama zao wanachati. Ukifungua shule nani atavileta?

Mama Parachichi
Baba Isyesye umenichoma. Hao mama zao ndo mimi. Mwanangu yuko la nne, likizo anashinda na mimi mezani maana nyumbani hakuna mtu, baba yake yuko machimboni Chunya. Juzi nimemtuma chenji akachelewa, namfuata namkuta kashikilia nondo za geti la shule yake mwenyewe, baridi lote lile, anaangalia magoli tu. Halafu unasema sijali?

Baba Isyesye
Pole mama ila Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema kazi nyepesi ni kuanzia miaka 14. Wa la nne ana mingapi?

Kijana wa Uyole
Kukaa na mama sokoni sio ajira kaka, ni malezi. Sisi tumekua tunapalilia viazi na tumesoma. Wako wanashinda kwenye tv, hata sahani hawajui kuosha.

Baba Isyesye
Wanangu umewaonea wapi? Usiwaguse kabisa.

Mwalimu mstaafu
Jamani mada. Waraka wa elimu bila malipo ndo wa 2015, utekelezaji ulianza Januari 2016. Halafu ruzuku ya serikali kwa shule za msingi ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, inayofika shuleni 6,000, iliyobaki inakatwa huko juu kwa ajili ya vitabu. Yaani wiki moja ya hicho kituo cha Forest ni ruzuku ya miaka miwili. Mlinzi na mwalimu wa zamu utawalipa nini? Mkuu wa shule anafunga kwa sababu dirisha likivunjika anaulizwa yeye.

Kijana wa Uyole
Shikamoo mwalimu. Ila viazi ndo vilinilipia ada ya form one, asitokee mtu akavidharau hapa.

Mama Parachichi
Shikamoo mwalimu. Mlinzi sisi wa meza tutamchangia hata mia tano mia tano kwa hiari, kamati ya shule ikubali tu. Na Baba Isyesye njoo mezani kwangu kesho uone nachati na nani, daftari la mtoto liko chini ya beseni, hesabu anafanyia juu ya gunia na mteja akija inabidi asogee.