Naomba ushauri: siku nne za matembezi Ahmedabad nikiwa na mzee anayepona

Mwana wa Fundi:
Ndugu wanajamvi, salaam. Mwezi wa Januari nitamsindikiza baba yangu, mwenye umri wa miaka 68, kwenda Ahmedabad, jimbo la Gujarat, kufanyiwa uchunguzi wa moyo kwa mara ya pili. Safari ya kwanza tulikaa wiki tatu bila kuona chochote zaidi ya wodi, duka la dawa na chumba cha hoteli, na mpaka leo hulalamika kwamba alivuka bahari akarudi na picha za lifti. Safari hii tutakuwa na siku nne tupu tukisubiri majibu. Daktari amemruhusu kutembea taratibu, ila ngazi amemkataza kabisa. Je, tubaki mjini, au tutoke hadi Modhera na Patan? Mimi natamani sana kuona visima vya ngazi, vile vya kale ambavyo watu hushuka kwa ngazi hadi kwenye maji, lakini jina lenyewe linanitisha.

Binti wa Ngamiani:
Mpe mzee shikamoo yangu. Siku mbili za kwanza bakini mjini. Mji huo ulianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah, na mwaka 2017 ukawa mji wa kwanza wa India kuingizwa mzima katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Anzeni na ashram ya Gandhi, yaani makao alimoishi na wafuasi wake, kando ya mto Sabarmati, kwa kuwa ni pahali tambarare penye kivuli. Hapo ndipo alipoondoka tarehe 12 Machi 1930 kwenda Dandi, kijiji cha pwani, kwa miguu kupinga kodi ya chumvi.

Alasiri nendeni msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa na Mhabeshi aliyeutumikia usultani wa Gujarat, ukakamilika mwaka 1573. Ni mdogo, na nje yake bajaji zinapiga honi bila kukoma. Mketisheni mzee ndani, aelekee ukuta wa magharibi: jua linapoteremka, mwanga hupenya kwenye dirisha la jiwe lililotobolewa kwa sura ya mti ambao matawi yake yamesokotana kama ukili, na kivuli chake hulala sakafuni. Mimi nilikaa hapo saa nzima.

Msafiri Kimya:
Kwa nini msiende Taj Mahal? Kufika India bila kuiona ni hasara.

Binti wa Ngamiani:
Ndugu, Agra, iliko Taj Mahal, iko zaidi ya kilomita 700 kutoka hapo kwa barabara, na mwenye safari ni mgonjwa wa moyo.

Mzee wa Bandarini:
Kuhusu visima, nitasema wazi kwa sababu nilishuka nikiwa na goti bovu na nikajuta. Adalaj, kilomita chache kaskazini ya mji, kina ghorofa tano kwenda chini. Kilikamilika mwaka 1499, na kadiri unavyoshuka ndivyo hewa inavyopoa, hata ukigusa nguzo unahisi ubaridi wa mtungi. Rani ki Vav cha Patan ni kikubwa zaidi, kina ghorofa saba, kilifukiwa na tope la mto kwa karne nyingi hadi kilipofukuliwa katika miaka ya 1980. Mwambie mzee atoe noti mpya ya rupia 100 mfukoni: picha iliyo nyuma yake ni ya kisima hicho. Kwa bahati nzuri, vyote viwili vinaonekana vizuri ukiwa juu, kwa hiyo yeye abaki kwenye nyasi nawe ushuke. Modhera, lenye hekalu la jua la karne ya 11, liko njiani kuelekea Patan, kwa hiyo siku moja yatosha mkiondoka alfajiri kwa gari la kukodi. Chukueni sweta, maana asubuhi za Januari zina baridi.

Mama Sambusa:
Tarehe 14 na 15 Januari msipange safari. Ni sikukuu ya tiara, mji mzima uko juu ya mapaa, na nyuzi za tiara hupakwa unga wa kioo, hivyo ni hatari kwa wapanda pikipiki. Chakula kingi ni cha mboga, na dengu zao hutiwa sukari guru; mzee wa pilipili atashangaa. Soko la Manek Chowk huuza mboga asubuhi, vito mchana na chakula usiku. Bei za dhahabu utazisikia kwa laki, neno lile lile tunalolitumia nyumbani.

Mwana wa Fundi:
Nawashukuru sana. Ila baba ameshonea watu nguo kwa miaka 40, nami nasitasita kumwacha kwenye nyasi kama mzigo. Je, huko Patan hakuna kitu cha kazi yake?

Mzee wa Bandarini:
Kipo, nami nilisahau kukitaja. Patan ndiko wanakofuma patola, hariri ambayo nyuzi zake, za wima na za mlalo, hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, hivyo ua hujitokeza lenyewe nyuzi zinapokutana. Watu wawili hukaa kwenye kitanda kimoja cha kufumia, kilichoinamishwa upande, na sari moja huweza kuchukua miezi sita. Mpeleke karakana kwanza, kisimani baadaye, na uhesabu kwamba hatataka kuondoka.