Tupeane uzoefu: walimu mliofundisha nchi za watu, siku zenu zilikwendaje na mwisho wa wiki mlikwenda wapi?

Mwalimu wa Mwanza (mwanzisha mada)

Habari za kazi, walimu wenzangu. Mazungumzo ya kufundisha nje ya nchi hujaa maswali ya mshahara na viza, na ni haki, kwa kuwa hayo ndiyo hutangulia. Hata hivyo nimewaona walimu zaidi ya mmoja wakivunja mkataba na kurudi nyumbani huku darasani mambo yakiwaendea vizuri, kwa sababu tu hawakujua wajipeleke wapi kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi. Naomba basi tuzungumzie upande huo. Naanza mwenyewe.

Nilifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya serikali huko Nakhon Pathom, mji ulio magharibi mwa Bangkok, nchini Thailand. Siku ya kazi huanza na mstarini saa mbili kamili asubuhi: bendera hupandishwa, wimbo wa taifa huimbwa, sala ya Kibudha hufuata, kisha matangazo marefu ambayo mgeni huyasikiliza kwa adabu bila kuambulia kitu. Vipindi ni vingi, darasa lina watoto zaidi ya arobaini, na mwalimu mgeni hutazamiwa kuchangamsha, aimbe, achore na acheze, jambo ambalo sisi tuliozoea kuingia darasani na chaki na azimio la kazi hulionea haya mwanzoni.

Siku ambayo kila mwalimu mgeni aliyefundisha kule huikumbuka ni ile ya kuwaheshimu walimu, ambayo kwa kawaida huwa Alhamisi moja ya mwezi wa Juni. Jana yake, wanafunzi hushinda wakisuka majani ya mgomba na kupanga maua juu ya sinia zenye mguu mmoja, na kati ya maua hayo haliwezi kukosekana ua la bilinganya, ambalo huinama likielekea kuzaa na hivyo huhesabiwa kuwa alama ya unyenyekevu. Asubuhi yake wawakilishi wa kila darasa huja kwa magoti hadi walipoketi walimu, huinama mpaka sakafuni na kuwakabidhi sinia. Nilipokea langu bila kujua mikono niiweke wapi, na mwalimu mwenzangu wa hesabu aliyeketi kando yangu alicheka mpaka akafunika uso.

Mwisho wa wiki nilikuwa mtu wa treni. Ile ya asubuhi itokayo kituo cha Thonburi hupita Nakhon Pathom ikielekea Kanchanaburi na Nam Tok, daraja la tatu tupu, madirisha wazi, na wachuuzi wakipita na kuku wa kuchoma na wali wa kunata kwenye mifuko. Baada ya Kanchanaburi treni huvuka daraja la mto Kwai, na mbele zaidi, mahali paitwapo Tham Krasae, hupunguza mwendo hadi mwendo wa mtu atembeaye, kwa kuwa hapo reli imeshikiliwa na nguzo za mbao kati ya jabali na mto. Ukitoa mkono dirishani unaligusa jiwe. Jeshi la Japani liliijenga reli hiyo mwaka 1942 na 1943 kwa mikono ya mateka wa vita na vibarua wa Kiasia, ili kulisha askari wake waliokuwa Burma. Makaburi ya mateka yaliyopo Kanchanaburi mjini pekee yanakaribia 7,000, na vibarua wa Kiasia waliokufa ni wengi zaidi, ingawa wao hawana safu za mawe yenye majina.

Naomba niongeze jambo moja linalotuhusu. Wale askari wa Burma waliotegemea reli hiyo ndio hao hao ambao wazee wetu wa Keya, yaani jeshi la Waingereza la King's African Rifles, walipelekwa kupigana nao. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944, katika mvua na malaria, hadi mto Chindwin. Niliwaeleza wanafunzi wangu wa kidato cha juu habari hiyo, nao hawakuwahi kuisikia. Nakiri kwamba hata sisi shuleni tuliipita haraka.

Safari nyingine ninayoipendekeza ni maporomoko ya Erawan, mwendo wa basi wa saa moja na nusu hivi kutoka Kanchanaburi. Yana ngazi saba, na katika mabwawa yake samaki hukudonoa miguu mpaka uzoee. Ukipanda na chupa ya maji, walinzi hukutoza amana ndogo ambayo utarudishiwa ukishuka nayo. Natamani hifadhi zetu ziige utaratibu huo. Karibuni.

Binti Tanga

Ahsante kwa mada, mwalimu. Mimi nipo Muscat, Oman, nafundisha darasa la nne katika shule binafsi. Kwa mgeni kutoka kwetu, kitu cha kwanza cha kuzoea ni kalenda: mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili asubuhi na mapema umeshasimama mbele ya ubao, wakati ndugu zako nyumbani wanajiandaa kwenda kanisani au wamelala. Simu za familia hupishana hivyo mwaka mzima.

Ijumaa ninayoipenda ni ya Nizwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Mnada wa mbuzi huanza asubuhi mapema na jua likishapanda shughuli imekwisha, kwa hiyo lazima uondoke Muscat kabla hapajapambazuka. Wauzaji huzungusha mbuzi wao kwa kamba katika duara, wanunuzi wamekaa ndani na nje ya duara hilo, na bei hutajwa kwa kupaza sauti mnyama akiwa anatembea. Mwenye nia humsimamisha mbuzi, humfungua mdomo atazame meno, humkamua kidogo kama ni jike, kisha humwachia aendelee na mzunguko bila kusema neno. Mara ya kwanza nilidhani mzee mmoja amemkataa mbuzi kabisa, kumbe anasubiri bei ishuke.

Lakini siku nyingi za mapumziko nazimalizia Mutrah, sokoni na kandokando ya bahari, kwa sababu pale nasikia Kiswahili. Wapo wazee waliozaliwa na kulelewa Unguja na Pemba, waliohamia baada ya mapinduzi ya 1964, na wengine baada ya Sultani Qaboos kutwaa madaraka mwaka 1970 na kuwafungulia milango. Bibi mmoja dukani alinisikia nikizungumza kwa simu na mama, akanigeukia: «Wa wapi weye?» Nikamwamkia shikamoo, na kabla sijalipia udi wangu nilikuwa nimealikwa chakula cha mchana. Tangu hapo kwake ni nyumbani, na mkate wa kumimina autiao mezani naweza kusema haupungui chochote kwa ule wa Tanga, ingawa shangazi zangu wasisome hapa.

Tahadhari mbili. Bila gari, au rafiki mwenye gari, nchi hii utaiona nusu tu: mabasi ya mikoani yapo, lakini hayakufikishi kwenye mabonde yenye maji wala Jebel Akhdar, ambako polisi huzuia gari lisilovuta magurudumu manne. Na mbingu ikibadilika rangi milimani, toka bondeni mara moja hata kama ulipo hapana tone, kwa sababu maji hushuka kutoka mbali.

Ninajiandaa

Shikamooni walimu. Nina shahada ya ualimu na nimeahidiwa kazi Thailand na wakala mmoja, ambaye ananiambia niingie kwa viza ya utalii kisha mengine yatapangwa nikishafika. Mwanzisha mada, hili ni la kawaida?

Mkufunzi wa Eldoret

Mwanzisha mada atakujibu la Thailand. Mimi nilikwenda Marekani kufundisha Kiswahili chini ya Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani, kitengo cha wasaidizi wa walimu wa lugha, ambao huchukua miezi tisa hivi ya mwaka wa masomo. Unafundisha saa zisizozidi 20 kwa wiki, unasoma kozi mbili kila muhula, na mkataba ukiisha unarejea nyumbani. Hilo huelezwa wazi tangu mwanzo, na huruhusiwi kutafuta kibarua cha pembeni.

Nilipangiwa Madison, jimbo la Wisconsin. Darasa langu lilikuwa dogo: wengine walijiandaa kwenda kufanya utafiti Tanzania, wengine ni watoto wa wazazi wa kwetu waliokua wakisikia lugha bila kuijibu. Hawa wa pili ndio walionifundisha kazi. Walielewa kila nilichosema, lakini wakifungua mdomo ngeli zinatawanyika, na aibu yao ilikuwa kubwa kuliko ya yule anayeanza na «hujambo».

Jumamosi, kuanzia Aprili hadi Novemba, wakulima hupanga meza kuzunguka jengo la bunge la jimbo, na umati wote huzunguka upande mmoja, kinyume cha saa. Ukisahau kitunguu unazunguka upya. Huko ndiko nilikoonja jibini mbichi ya Wisconsin, inayolia kwenye meno kama mpira. Mwenye gari akijitolea, twende Devil's Lake, ziwa lililozungukwa na majabali, mwendo wa chini ya saa moja kaskazini mwa mji.

Baridi ilipokaza, ziwa Mendota liliganda. Niliona watu wazima wakiburuza vigari vya miguu ya chuma hadi katikati ya ziwa, wakitoboa barafu kwa keekee ndefu na kukaa juu ya ndoo kungoja samaki wadogo. Mimi ni mtu wa bara, majini hata ya kawaida sikai, lakini jirani yangu mstaafu alinishawishi. Nilisimama pale nikisikia barafu ikinguruma chini ya miguu yangu, naye akinieleza kwa utulivu kwamba huo mngurumo ni wa kawaida, kwani barafu hutanuka na kusinyaa. Niliamini kwa shida. Tulipata samaki wanne, akanifunga wote kwenye gazeti, nikawakaanga jioni kwa nyanya na vitunguu, na sima ya unga tuliouagiza Chicago.

Mwalimu wa Mwanza

Ndugu Ninajiandaa, marahaba. Usiingie hivyo. Kufanya kazi kwa viza ya utalii ni kuvunja sheria, na anayekamatwa ni mwalimu, si wakala. Shule yenye nia hukutumia barua za kuombea viza ya kazi ukiwa bado nyumbani, kisha hukamilisha kibali cha kazi na ruhusa ya baraza la walimu. Fahamu pia kwamba wao hawatuhesabu kuwa wazawa wa Kiingereza, kwa hiyo utaombwa cheti cha mtihani wa Kiingereza kama TOEIC, na huenda ukakuta mwenzako wa Uingereza analipwa zaidi kwa vipindi vile vile. Linaudhi, ila ni bora ulijue kabla ya kusaini. Ukishafika, kila siku 90 unaripoti anwani yako uhamiaji. Iandike kwenye kalenda ya ukutani.

Mwalimu wa Arua

Si wote tuliovuka bahari. Nimefundisha hisabati Juba, Sudani Kusini, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia lakini watoto huzungumza Kiarabu cha Juba uwanjani, na wengi waliokulia ukimbizini Kenya na Uganda wana Kiswahili chao kizuri. Mshahara katika shule yangu ulichelewa mara nyingi. Hilo ndilo lililonitoa, si watoto. Mapumziko hayakutufikisha mbali: Jumamosi soko la Konyo Konyo kwa unga na samaki wakavu, Jumapili ibada ndefu, jioni soda kando ya Nile ukitazama mashua. Nje ya mji hatukwenda matembezi, kwa usalama. Safari yetu kubwa ilikuwa likizo, kwa basi la Nimule, kilomita zipatazo 190 za lami hadi mpaka wa Uganda. Kwa atakayeuliza kama barabara hiyo inapitika usiku: panda basi la alfajiri.