Mchango kwa kikundi cha taarab asilia: tupeleke pesa, nyuzi au tuwape kazi?

MshikaMfuko
Asalaam aleikum wanajamvi. Tuko Muscat, wengi wetu asili yetu Unguja, na harusi zetu hazikamiliki bila taarab ya udi (ala ya nyuzi ya kukumbatia) na kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani). Kuna kikundi cha wazee kule nyumbani, wapigaji kumi pamoja na waimbaji, kazi zimewapungua tangu watu waanze kukodi kinanda kimoja na spika mbili. Tumechanga, pesa ipo. Wengine wanataka tuitume kama ilivyo, wengine wanataka tununue ala. Wenye kuijua kazi hii, ipi inayowafaa wapigaji kweli? Na tukiwapeleka nyuzi, tununue zipi?

KaraniWaKikundi
Waaleikum salaam. Pesa ikitumwa mkupuo huishia kwa aliyeipokea, au hugawanywa siku hiyo hiyo na mwezi ujao hali ni ile ile. Gaweni mchango mafungu matatu: kazi za kulipwa, nyuzi na matengenezo, na karatasi za haki za nyimbo. Fungu la kwanza liwe kubwa.

Kazi za kulipwa maana yake lipieni maonyesho manne au matano kwa mwaka, kwa maandishi. Tuchukulie onyesho moja ni shilingi 1,500,000. Usafiri 200,000, vyombo vya sauti 300,000, mfuko wa ala asilimia kumi, yaani 150,000. Hapo inabaki 850,000, watu kumi, kila mmoja 85,000. Hesabu hiyo isomwe mbele ya wote kabla ya kupanda gari. Ugomvi wa vikundi hivi hauanzi kwa pesa kuwa ndogo, huanza kwa kutojua mwenzako kapata ngapi.

Nusu ilipwe siku ya kukubaliana. Nusu ya pili ilipwe kabla ya awamu ya mwisho ya nyimbo, si baada ya wageni kuondoka, kwa sababu saa hiyo mwenye shughuli haonekani na simu imezimwa. Andikeni pia saa ya kuanza na ya kumaliza, awamu ngapi (tatu za dakika 45 zinatosha kwa wazee), nani anawalisha, na kama video inaruhusiwa kuwekwa mtandaoni.

Halafu kuna pesa za kutunza. Mama anainuka, anacheza taratibu hadi jukwaani, anaweka noti mkononi mwa mwimbaji. Mpiga nai (filimbi) aliyekaa nyuma hapati kitu. Vikundi vingine huacha ziwe za mwimbaji, vingine huziweka kapuni. Njia zote mbili zinafaa, ila iamuliwe mapema. Njia ya kati inayofanya kazi ni nusu ya mwimbaji, nusu kapuni, na anayehesabu asiwe mwimbaji wala kiongozi.

FundiNyuzi
Nitasema ya ala tu.

Msinunue nyuzi za udi kabla ya kupima. Pimeni kutoka kile kijiti cha mwisho wa shingo ambapo nyuzi zinapita, hadi kwenye daraja, kile kibao cha tumboni nyuzi zinapofungwa. Udi wa Kiarabu huwa karibu sentimita 61, wa Kituruki karibu 58.5. Seti za Kituruki zimetengenezwa kukazwa sauti moja juu zaidi. Ukizifunga kwenye udi wa Kiarabu na kuzikaza Kiarabu, hulegea na kuvuma ovyo. Ukifanya kinyume, seti ya Kiarabu ukaipandisha mpaka sauti ya Kituruki, mvutano unazidi na daraja linaanza kunyanyuka kwa nyuma. Ukiona ufa wa gundi hapo, legeza nyuzi siku hiyo hiyo.

Seti ni nyuzi 11, jozi tano na besi moja. Kwa kila udi chukueni seti mbili, na nyuzi za ziada za jozi nyembamba kabisa maana ndizo zinazokatika. Vigingi vya kukazia nyuzi vikiteleza paka chaki, vikikwama paka sabuni kavu. Watu huchanganya hivi viwili kisha wakalaumu udi.

Kanuni ndiyo yenye gharama. Ya kawaida ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake halikugundishwa, limekalia ngozi na linashikiliwa na nyuzi zenyewe. Kwa hiyo usizitoe zote kwa pamoja: daraja litahama au kuanguka, na kulirudisha mahali pake ni kazi ya siku nzima. Toa tatu, funga tatu, kaza, endelea. Nyuzi zije zimeandikwa unene wake, kila unene na mfuko wake. Zikichanganyika kwa macho huzitofautishi.

Adui mkubwa wa pwani ni unyevu. Ngozi ya kanuni inalegea, sauti inashuka katikati ya wimbo. Boksi la kufunga vizuri na vifuko vya kunyonya unyevu, vibadilishwe vikishajaa, ni zawadi bora kuliko ala mpya. Na ala isiachwe ndani ya gari juani. Gundi ya asili hulainika kwa joto, kisha mtu anaona ubao umeachia anakimbilia supagluu. Supagluu kwenye daraja la udi ni kuliharibu: fundi atakayekuja baadaye hawezi kulibandua bila kuchana ubao.

Kama hamna fundi, ulizeni DCMA, chuo cha muziki kilichoanza Mji Mkongwe mwaka 2002. Udi na kanuni vinafundishwa pale, kwa hiyo wanajua nani anatengeneza.

Hakimiliki_Bi
Fungu la tatu ndilo linalosahauliwa. Wimbo una haki mbili: ya utunzi (shairi na muziki) na ya rikodi. Zanzibar huandikishwa COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya huko, Tanzania Bara COSOTA. Kenya watunzi wana chama chao, wapigaji na waimbaji wako PRISK, wazalishaji KAMP, na leseni za vyama hivyo hutolewa na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na huweza kubadilika, kwa hiyo angalieni nani ana leseni mwaka huo kabla ya kulipa ada.

Kwa kila wimbo tengenezeni karatasi moja: jina la wimbo, aliyetunga shairi, aliyetia muziki, mwimbaji, wapigaji wote, asilimia za kila mmoja zifike 100, sahihi na namba ya kitambulisho. Jina liandikwe vile vile kila mahali. "Mohd" hapa na "Mohammed" kule, mfumo unahesabu watu wawili na malipo yanakwama. Na pale panapoulizwa mtunzi msijaze "jadi" kwa sababu hamkumbuki. Mkishajaza hivyo hakuna atakayelipwa.

Mkirikodi, chukueni faili za WAV (sauti kamili isiyobanwa) za kila ala peke yake, si ule mchanganyiko tu, na muweke nakala mbili sehemu mbili. Kila rikodi iwe na namba yake ya ISRC, ya kuitambulisha rikodi hiyo, yenye herufi na tarakimu 12. Akaunti ya msambazaji wa mtandaoni iwe ya kikundi, yenye wasimamizi wawili. Ikiwa ya kijana mwenye simu nzuri, akihama na pesa zinahama.

MshikaMfuko
Ahsanteni sana. Mtunzi wa nyimbo zao nyingi ameshafariki. Kuna faida ya kuandikisha?

Hakimiliki_Bi
Ipo. Kwa sheria ya Tanzania Bara na ya Kenya haki hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi (ya Zanzibar waulizeni COSOZA), na malipo ni ya warithi. Wawe na msimamizi mmoja wa mirathi anayetambuliwa kisheria, yeye ndiye atie sahihi kwenye karatasi ya kila wimbo. Anzeni na nyimbo zinazopigwa sana redioni na harusini, hata kumi tu.

FundiNyuzi
Na MshikaMfuko, mpigaji akutumie picha ya udi wenye rula juu yake kabla hujalipia chochote.