Mji unakuja shambani kwetu: tuchukue fidia au tugawane viwanja?

Mwana wa Mkorosho

Wakuu, salaam.

Jumamosi iliyopita tulikaa kikao cha mtaa, watu 62, pembezoni kabisa mwa Dar. Ajenda ilikuwa moja: bonde lote la mashamba, kuanzia kisima cha zamani hadi barabara ya vumbi, linatakiwa lipangwe liwe mji. Mezani zililetwa njia mbili. Ya kwanza, halmashauri itwae eneo, ilipe fidia, ipime, iuze viwanja. Ya pili, wenye mashamba tuungane, mipaka yetu ifutwe kwenye karatasi, ichorwe ramani moja yenye barabara, shule na soko, halafu kila mmoja arudishiwe viwanja kulingana na alichoingiza, na vichache viuzwe kulipia upimaji. Kikao kilivunjika kwa kelele. Nalileta hapa tubishane kwa utulivu, ingawa nasema mapema kwamba mimi niko upande wa njia ya pili.

Ardhi ya nchi hii iko mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi wote, na Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inamruhusu kuichukua kwa manufaa ya umma. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikaongeza kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Sina ugomvi na hilo. Ila hata ikilipwa yote, na mapema, unalipwa shamba. Mchora ramani akishapitisha kalamu yake, barabara hapa na soko pale, pale si shamba tena, na bei inaruka kabla hata greda halijafika. Aliyelima hapo miaka arobaini anakuwa ameshasaini na kuondoka.

Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza Dar mwaka 2002 wengi wenu mnaujua, pengine mmejenga humo: Mbweni, Bunju, Kibada, Toangoma, Buyuni. Hazina ilikopesha fedha, viwanja vikapimwa na kuuzwa. Kwa mnunuzi ulikuwa mradi mzuri, siubezi. Lakini waulizeni wenyeji waliolipwa fidia ni wangapi walimudu kununua kiwanja kwenye shamba walilozaliwa.

Hesabu yangu, kwa bei za kukadiria tu. Baba yetu ametuachia ekari tatu, tuseme mita za mraba 12,000. Fidia ikiwa shilingi 5,000 kwa mita, tunapata milioni 60. Tukiungana na wenzetu, asilimia 30 inakwenda kwenye barabara na huduma, zinabaki mita 8,400, yaani viwanja 14 vya mita 600. Vinne vinalipia kazi, kumi vyetu. Kiwanja kilichopimwa kikienda shilingi 15,000 kwa mita, kumi ni milioni 90. Tena tukiamua kutouza, bado tunaishi palepale.

Na si ndoto. Tokyo ilijengwa upya kwa njia hii baada ya tetemeko la 1923. Gangnam ya Seoul, ile ya maghorofa na wimbo, ilikuwa mashamba hadi miaka ya 1960. Bhuj kule Kutch, India, ambako asili ya Wahindi wetu wengi wa Unguja na Dar inatoka, ilipangwa hivyo baada ya tetemeko la 2001. Sisi tunashindwa nini?

Dalali Mwaminifu

Mwana wa Mkorosho, hiyo 15,000 kwa mita utamuuzia nani? Kiwanja chenye bikoni, yaani mawe ya mpaka, lakini hakina maji wala umeme, na barabara iko kwenye mchoro tu, nakuuzia kwa nusu ya hapo na bado nitatafuta mteja miezi minane. Naunga mkono hoja lakini punguza sifuri.

Mthamini Mstaafu

Nimefanya kazi hii miaka mingi, naomba nisahihishe mambo kadhaa kabla vijana hawajabeba hesabu hii kama msahafu.

Fidia si bei ya ardhi peke yake. Kwa kanuni za 2001 kuna thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36, usafiri wa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20, na kama una biashara, faida ya miezi 36. Mwenye kibanda cha vyumba viwili na genge mbele anaweza kuondoka na fedha ambazo hakuna mnunuzi wa mtaani angempa.

Pili, Sheria ya Uthamini ya 2016 haikulala. Fidia ikichelewa kupita miezi sita inadaiwa riba. Ikipita miaka miwili bila kulipwa, tathmini inakufa na kazi inaanza upya kwa bei mpya. Tatizo letu ni utekelezaji, na utekelezaji mbovu utakufuata hata kwenye huko kuungana kwenu.

Tatu, na hili ndilo kubwa: utagawana nini kwenye reli? Mradi wa reli ya kisasa, bandari, mtambo wa umeme, hivyo vinameza eneo lote, hakuna kiwanja cha kurudisha. Taifa haliwezi kusubiri watu 62 wakubaliane chini ya mti. Katika kila eneo nililopita nilimkuta mtu mmoja wa katikati kabisa aliyekataa, akingoja wenzake wasaini ili shamba lake lipande bei.

Mwana wa Mkorosho

Shikamoo mzee. La reli nakubali, nalitoa kwenye hoja yangu. Nazungumzia mji wa makazi na biashara, ambako ardhi inabaki kuwa viwanja vya watu.

Lakini hizo posho umezitaja kwa mwenye nyumba. Bonde letu ni mikorosho na mihogo. Ardhi isiyokaliwa na mtu haina posho ya makazi wala ya usafiri. Kwa hiyo kwetu sisi orodha yako inakuwa fupi sana.

Na huyo wa katikati anayekataa, sawa, yupo, na ninamjua kwa jina. Ni binamu yangu.

Bwana Bikoni

Mimi ni mpima. Wote mmeongea vizuri ila hakuna aliyegusa panapouma, nalo ni swali la nani anashika ramani na viwanja wakati kazi inaendelea.

Tuna uzoefu wa karibu hapa, urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwenye makazi yaliyojengwa bila mpango. Wananchi walichangishwa kwa kila kiwanja, serikali ikaingilia na kuweka ukomo wa shilingi 150,000. Palipokuwa na kampuni makini, kamati ya mtaa iliyosimama imara na akaunti ya pamoja, watu wamepata hati. Pengine zilikusanywa fedha, yakawekwa mawe mawili matatu, kampuni ikapotea. Na huo ulikuwa mchango wa fedha tu! Sasa mnasema mtu aweke rehani shamba lenyewe, mipaka ifutwe, halafu asubiri. Mimi ninayeishi kwa kazi hizi nisingemshauri mama yangu akubali bila mkataba unaosema: mchoro usipoidhinishwa ndani ya muda fulani, kila mtu anarudi kwenye mpaka wake wa zamani. Na mipaka ya zamani ipimwe KWANZA, ikabidhiwe kwa kila mmoja na nakala yake. Watu hulikwepa hili kwa sababu ni gharama, kisha wanakuja kulia kwetu.

Kijana wa Feri

Mnaongelea kutwaa na kuungana, mmesahau njia ya tatu ambayo ndiyo mbaya kuliko zote: kugandishwa. Kigamboni mwaka 2008 ilitangazwa kuwa itakuwa mji mpya, watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao. Daraja lilifunguliwa 2016, asante sana, lakini mji ule wa kwenye picha haukujengwa kama ulivyochorwa. Kwa miaka hiyo katikati mwenye kiwanja hajalipwa wala hajaachiwa. Hauzi, hajengi, benki haimtazami. Hasara ya miaka ya kusubiri mthamini anaiweka kwenye safu gani ya jedwali lake?

Mthamini Mstaafu

Haina safu. Hapo umenikamata.

Kutoka Dom

Dodoma tulikuwa na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tangu 1973. Mamlaka moja imeshika ardhi yote ya mji, wewe unapewa upangaji wa miaka 33. Ikavunjwa Mei 2017, majukumu yakahamia kwa manispaa, na ukaja mwelekeo wa hati za miaka 99. Wanaosema serikali ishike kila kitu ndipo mambo yatanyooka waje wazee wa huku wawasimulie. Ingawa, tuwe wakweli, barabara pana za Dodoma mnazozisifu zilitokana na hiyo hiyo CDA.

Mwenyeji wa Amu

Salamu kutoka Lamu. Nawasoma nacheka kidogo maana nanyi mna shamba la kubishania.

Huku Kenya katiba, kifungu cha 40, inataka fidia ya haki ilipwe kamili na upesi. Halafu mwaka 2019 Bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya thamani ya ardhi, ambayo yanaruhusu serikali kuingia kwanza na kulipa ndani ya mwaka mmoja. Upesi imekuwa mwaka. Lakini sheria hiyo hiyo ina jambo moja ambalo ndugu yetu wa mikorosho atalipenda: fidia si lazima iwe pesa. Inaweza kuwa ardhi mbadala, hati fungani za serikali, haki za uendelezaji, hata hisa katika shirika la serikali. Kwenye karatasi ni jambo zuri sana. Mimi hiyo hisa bado sijamwona jirani aliyenayo mkononi.

Jambo la pili. Ilipokuja bandari yetu mpya, swali halikuwa mashamba pekee. Mvuvi ana hati gani ya bahari? Kesi ikaenda Mahakama Kuu ya Malindi, na mwaka 2018 ikaamuliwa wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76. Kwa hiyo mnapochora hilo bonde lenu, mumuulize pia anayechota maji kwenye kile kisima, anayekata kuni na anayelisha mbuzi. Hao hawatarudishiwa kiwanja kwa kuwa hawakuingiza shamba.

Mwana wa Mkorosho

Hilo la kisima halikutajwa hata mara moja kwenye kikao, na kina mama wa upande wa chini wote wanachota pale. Nimeliandika.

Mpangaji wa Mabibo

Nyie wenye ekari tatu hamna shida. Njooni uswahilini ambako kiwanja ni mita 150, nyumba imegusa nyumba, na humo humo tunaishi wapangaji familia tano. Ukikata asilimia 30 ya mita 150 umekata jiko na choo. Zaidi ya asilimia 70 ya jiji hili limejengwa bila kupimwa, huko ndiko kwenye kazi. Njia yenu ni ya mashamba.

Bwana Bikoni

Mkuu, una haki, lakini si kweli kwamba haiwezekani kabisa. Bhuj aliyoitaja mwanzisha mada walikata kwa ngazi: mwenye kipande kidogo kabisa hakukatwa kitu, mwenye eneo kubwa akakatwa zaidi. Asilimia moja kwa wote ndiyo inayoumiza, na sioni kwa nini hata kwenye bonde la mikorosho mwenye robo ekari akatwe sawa na mwenye ekari kumi.

Palipobanana sana kuna njia ya kupanda juu. Magomeni Kota kaya 644 ziliondolewa zikiahidiwa kurudi, maghorofa yakafunguliwa Machi 2022 na wakarudi. Ahadi ilitimizwa. Ilichukua karibu miaka kumi.

Dalali Mwaminifu

Miaka kumi ya kupanga kwa watu! Mtoto ameondoka yuko chekechea amerudi na ndevu.

Chausiku

Nimesoma yote kimya. Niulize kitu kidogo maana mnasema "mwenye shamba" kama vile ni mtu mmoja.

Kwetu shamba lilikuwa la marehemu baba. Tuko tisa, mama wawili. Ilipokuja kazi ya upimaji wa namna hii, kaka mkubwa ndiye aliyehesabiwa mwenye shamba, akasaini yeye, viwanja vikarudi kwa jina lake. Hakuiba, wala sisemi ni mtu mbaya, alisema atatugawia. Mama mdogo alikuwa analima mpunga kwenye kipande cha bondeni tangu mimi sijazaliwa. Kwenye ramani mpya kile kipande kikawa eneo la wazi. Yeye hakurudishiwa kitu kwa sababu kaka alikuwa ameshahesabiwa kwa shamba lote. Kwenye fidia angalau jedwali lina safu ya mazao, na mpunga wake ungeandikwa.

Kwa hiyo sichagui upande. Nataka kujua kwenye hiyo njia ya pili mama yangu mdogo anasaini ukurasa gani.

Mwana wa Mkorosho

Dada Chausiku, nimekaa na swali lako tangu asubuhi. Nimeandika mapendekezo ya kupeleka kikao cha Jumamosi: mipaka ya sasa ipimwe kwanza, makato yawe ya ngazi, kuwe na ukomo wa muda, kisima kibaki cha wote, na kila anayelima asaini kwa kipande anacholima, hata kama jina la shamba ni la mwingine. Binamu yangu ameshasema hilo la mwisho halitapita.

Chausiku

Karatasi ya mahudhurio ya kikao kilichopita unayo? Wanawake walikuwa wangapi?

Mwana wa Mkorosho

Ninayo hapa. Saba kati ya 62. Wanne wameandikwa "mke wa".