Mrejesho: RabbitMQ imepanda hadi 4.0

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini RabbitMQ yetu (programu inayopokea ujumbe kutoka mfumo mmoja na kuupeleka mwingine) ilikataa kuwaka nilipoirusha kutoka toleo la 3.12 moja kwa moja hadi 4.0. Mlisema kweli: lazima ipitie 3.13, na swichi zote za vipengele (feature flags, zinazowasha uwezo mpya wa programu) ziwashwe kabla ya kutoka hapo. Sikuwa nimegusa hata moja, aibu yangu.

Kilichonitoa jasho ni foleni, yaani mahali ujumbe unaposubiri kuchukuliwa. Zile za kuakisi nakala kwenye seva nyingine zimeondolewa kabisa kwenye 4.0, na foleni iliyopo haibadilishwi aina. Ilibidi niunde mpya za kworamu (quorum, ambapo seva nyingi kati ya zilizopo lazima zikubaliane) kwenye seva 3, nihamishe ujumbe, ndipo nifute za zamani. Usiku mzima! Tangu jana malipo yanapita humo, hakuna kilichopotea. Seva ya majaribio (msinicheke) bado iko 3.12.