Picha za mchuchumio za harusini: tuzipokee?

Skuna_Dar: Wapenzi wa viatu vya mchuchumio, naona humu jukwaani picha za miguu ya kina dada, zilizopigwa harusini bila wenyewe kuulizwa. Mnasemaje?

MamaVisigino: Tusizipokee, hata kiatu kiwe kizuri vipi. Mwombe mwenyewe, mdogo wangu: "Samahani dada, kiatu chako kimenikosha, naomba nikipige picha, kiatu tu." Wengi hukubali, wengine hukuonyesha hadi soli! Bei usiulize.

FundiViatu: Naunga mkono. Mimi hupenda kuona kisigino kwa karibu. Vile vyembamba vya miaka ya 1950 vilisimama kwa sababu ya chuma ndani.

Kaka_K: Wanaume tunakaribishwa?

MamaVisigino: Karibu sana, kaka. Wapanda farasi wa Uajemi walivaa visigino zamani, mguu usiteleze kwenye kikuku cha tandiko la farasi. Ila dada zetu usiwafuate faragha.