Mgodi wa zamani wa makaa ya mawe chini ya kiwanja: mashimo mawili ya mita tatu yanatosha?

BadoSijajenga aliuliza:

Wakuu habarini. Nina kiwanja ambacho wazee wa eneo wanasema chini yake palichimbwa makaa ya mawe, enzi ambazo hata wao hawakuwepo. Nataka kuweka nyumba ya kawaida tu. Fundi amechimba mashimo mawili, kila moja mita 3, akakuta mfinyanzi mgumu, akaniambia "hapa hata ghorofa nne zinakaa". Ramani ya migodi nimeitazama: inaonyesha mgodi ng'ambo ya barabara, kwangu hakuna alama yoyote.

Kinachoninyima usingizi ni kona ya nyuma. Kuna kibonde cha mviringo, kimekaa kama sahani, upana wake hatua sita hivi. Mvua ikinyesha maji hayatuami pale, yanapotea tu. Nianze msingi, au kuna kitu cha kupima kwanza?

ShokaBilaMpini:

Mwaga zege la jamvi nyumba nzima, nondo za kutosha, maisha yaendelee. Ukiwasikiliza wataalamu hutajenga.

Mchorongaji:

Mkuu, nimekaa nyuma ya mashine ya kuchoronga miaka mingi, na kazi kubwa imekuwa hii hii ya kutafuta migodi iliyosahauliwa. Nikujibu kwa urefu kidogo.

Mita 3 ni kukwaruza ngozi. Fundi wako amepima udongo, hajagusa mwamba. Huo mfinyanzi mgumu nauheshimu kwa kubeba ukuta, lakini hauzuii dari ya mgodi kuanguka.

Wachimbaji wa zamani walikuwa wanatoa makaa na kuacha nguzo za makaa yenyewe zishike dari. Wakaondoka. Miaka inapita, nguzo zinamomonyoka, dari inadondoka jiwe kwa jiwe, na ule utupu unapanda juu taratibu. Kinachouokoa uso wa ardhi ni kwamba jiwe lililovunjika hujaza nafasi kubwa kuliko lilipokuwa zima, kwa hiyo utupu hujiziba wenyewe njiani, mradi kuna mwamba wa kutosha. Kanuni yetu ya kuanzia: mwamba mzima juu ya mgodi uwe angalau mara 10 ya unene wa tabaka la makaa. Tabaka la mita 1.5, unataka mita 15 za mwamba. Udongo hauhesabiwi humo. Na ni kanuni ya kuanzia mazungumzo tu. Mwamba uliopasukapasuka unahitaji zaidi.

Kuhusu ramani, tazama Uingereza, ambako kumbukumbu za migodi ni nzuri kuliko sehemu nyingi. Sheria ya kuwalazimisha wenye migodi kukabidhi ramani wanapofunga ilikuja 1872. Watu walikuwa wameshachimba karne nyingi kabla ya hapo. Kwa hiyo ramani tupu usiisome kama cheti. Wewe una mgodi ng'ambo ya barabara. Tabaka la makaa halijui barabara. Uliza tabaka lile linainamia upande gani. Kama linapanda kuja kwako, basi kwako liko karibu zaidi na uso wa ardhi, na hapo ndipo watu wasio na mashine walipopenda kuchimba.

Nikupe kisa kimoja. Kiwanja safi, ramani tupu. Tulikuwa mita 11, maji ya kuchorongea yanarudi juu ya kijivu. Yakageuka meusi. Halafu yakakatika kabisa, na rodi ikashuka yenyewe zaidi ya mita moja bila mashine kuisukuma. Kelele ya injini ikabadilika, kila mtu akageuka. Tukasogea hatua nne tukatoboa tena: makaa mazima, hakuna utupu. Tulikuwa tumegonga nguzo. Tungeanza na hilo la pili na kufunga virago, mwenye kiwanja angeambiwa pako salama. Ndiyo maana shimo moja siliamini, wala mawili. Tunapanga mengi chini ya eneo la nyumba na kulizunguka, na hatuyawekei nafasi zinazolingana, kwa sababu nguzo nazo zilipangwa kwa mistari, na mashimo yote yanaweza kuangukia nguzo tupu.

Sasa hicho kibonde chako. Huenda ni shimo la wima walilokuwa wanashukia. Mengi yalifunikwa kwa magogo na kifusi juu yake, na gogo linaoza. Usisimame pale, usipeleke ekskaveta "kuangalia". Zungushia uzio leo. Likipimwa, mashine ikae mbali kwenye ardhi imara na itoboe kwa mshazari.

BadoSijajenga:

Asante sana. (Ni dada, siyo mkuu 😀) Je, lile jamvi la zege alilosema ndugu hapo juu?

Mchorongaji:

Samahani dada. Jamvi linasaidia kuvuka kijishimo kidogo. Shimo la wima likifumuka linabomoka kama faneli: udongo wa juu ukiwa na kina cha mita 6, kingo zinaweza kurudi nyuma mita 6 hivi kila upande. Jamvi litabaki linaning'inia.

Halafu kuna gesi, ambayo hakuna aliyeitaja. Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Nyingine ni hewa iliyojaa kabonidayoksaidi na kupungukiwa oksijeni. Haina harufu ya kukushtua. Kanieneo ya hewa ikishuka ghafla, mgodi unatoa pumzi. Gorebridge kule Scotland, kabonidayoksaidi kutoka migodi ya zamani iliingia majumbani, watu wakahamishwa, na nyumba 64 zikabomolewa. Zilikuwa nyumba mpya, hazikuwa na nyufa za kutisha. Kwa hiyo mabomba ya kupimia gesi yaachwe ardhini na yasomwe mara kadhaa, hasa siku ambazo kanieneo inashuka. Kusoma mara moja siku ya jua ni kujifurahisha.

Na anayekuja na mashine ya kuchoronga inayotumia hewa ya kupuliza badala ya maji, muulize kwanza nyumba za jirani ziko umbali gani. Hewa ile inaweza kusukuma gesi hadi sebuleni kwa mtu. Mimi natumia maji. Uliza pia kibali: Uingereza huruhusiwi kutoboa makaa bila idhini ya Mining Remediation Authority, iliyokuwa ikiitwa Coal Authority hadi 2024.

Kipimamaji:

Naongezea: utupu ukipatikana siyo mwisho. Hujazwa rojo la saruji na majivu ya makaa kupitia mashimo yaleyale, na shimo la wima hufunikwa kwa zege lenye nondo lililokaa juu ya mwamba. Ila dada, kiwanja kikiwa kikubwa, kusogeza nyumba mbali na ile kona ni nafuu kuliko vyote.

BadoSijajenga:

Nyumba inasogezeka, upande wa mbele kuna nafasi. Uzio nimeweka wa kamba kwa sasa. Fundi amepiga asubuhi kuuliza lori la mawe limwage wapi, nimemwambia lirudi, na asilipitishe nyuma.

Mchorongaji:

Kamba haitoshi, weka mbao. Watoto wanaruka kamba.